Shingo ya Gitaa la Umeme na Raha ya Mkono: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Vipimo vyote hapa ni vya milimita. Pale ambapo watengenezaji wamezoea inchi, nazo zimetajwa, kwa sababu ndizo utakazozikuta kwenye karatasi ya maelezo ya gitaa.

## Mambo ya msingi

Umbo la shingo ni nini hasa?

Ukiikata shingo kwa msumeno kwa mkato wa kukingama, sura ya ule mkato ndiyo umbo lake. Juu kuna ubao wa freti (vile vijiti vya chuma vinavyokingama, ambako unabonyezea nyuzi), chini kuna mgongo unaokaa kiganjani. Sura hiyo hutawaliwa na mambo matatu: unene (kuanzia uso wa ubao wa freti hadi mgongoni), upana, na mabega.

Mabega ndiyo yanayosahauliwa. Ni ile mbao iliyo kati ya ukingo wa ubao wa freti na mgongo, upande wa juu na upande wa chini. Shingo mbili zenye unene uleule wa mm 22 zinaweza kukaa mkononi kama magitaa ya kampuni mbili zisizojuana: moja mabega yamejaa, nyingine yamechongwa. Iliyojaa utaiita nene, iliyochongwa utaiita nyembamba, na kalipa (kipimo chenye taya mbili) itakukatalia kote kuwili. Anayenunua shingo kwa kuangalia unene peke yake amesoma nusu ya habari.

Herufi C, D, U na V zina maana gani?

Zinaeleza sura ya mgongo. C ina mviringo wa kawaida na mabega ya wastani. Magitaa mengi ya kisasa yako hapa. D ina mgongo bapa na mabega yaliyojaa. U ni nene na pande zake hushuka karibu wima. Telecaster za kampuni ya Fender za mwanzoni mwa miaka ya 1950 zinajulikana kwa shingo nene za namna hii. V ina ukingo unaopita katikati ya mgongo kama mkuku wa mtumbwi, na Fender waliitumia katikati ya miaka ya 1950. Kuna V kali, ambayo ukingo wake unausikia wazi, na V laini iliyoviringwa, kama ile ya Stratocaster yenye jina la Eric Clapton.

Hakuna chombo chochote kinachosimamia herufi hizi. C ya kampuni moja inaweza kuwa D ya kampuni nyingine, na hata ndani ya Fender yenyewe kuna C kadhaa. Zichukulie kama dokezo, kisha utafute vipimo.

Kwa tarakimu, shingo nyembamba ni ipi na nene ni ipi?

Unene hutajwa mara mbili: kwenye freti ya 1 na kwenye freti ya 12. Wizard III, shingo ya kampuni ya Ibanez, ina mm 19 kwenye freti ya 1 na mm 21 kwenye ya 12. Hiyo ni nyembamba kwelikweli. Shingo ya Gibson ya mtindo wa miaka ya 1960, iitwayo SlimTaper, huanza karibu na mm 20.5. C nyingi za kawaida ziko kati ya mm 20.5 na 22. Shingo ya Gibson ya mtindo wa mwishoni mwa miaka ya 1950 hukaribia mm 23 kwenye freti ya 1 na mm 25 kwenye ya 12.

Tofauti ya mm 1 huonekana ndogo kwenye karatasi, lakini mkono huitambua mara moja. Tazama pia ni kwa kiasi gani shingo inanenepa kuelekea mwilini: kuna zinazobaki karibu vilevile mwanzo hadi mwisho, na kuna zinazonenepa mm 2 na zaidi. Mpigaji wa rizimu anayeshinda kwenye freti tano za kwanza ataishi na namba ya kwanza. Mpiga solo ataishi na ya pili.

Nitapimaje shingo yangu bila kukosea?

Legeza nyuzi hadi uweze kuzisogeza kando. Weka taya moja ya kalipa juu ya mbao ya ubao, pembeni kabisa mwa freti, na taya nyingine mgongoni. Usipime juu ya chuma cha freti: utaongeza mm 1 hadi 1.4 na kudhani una shingo ya Gibson ya 1959. Kama kalipa ni ya chuma, bandika tepu ya karatasi kwenye taya zake ili isikwaruze vanishi.

Kwa mabega, chukua waya laini wa kulehemu, ule mnene, ukunje kuzunguka mgongo wa shingo kwenye freti ya 1, utoe taratibu, ulaze juu ya karatasi na uchore kwa penseli. Rudia kwenye freti ya 12. Michoro hiyo miwili itakufaa kuliko herufi yoyote utakapotaka kulinganisha gitaa lako na jingine.

Upana wa nati una uzito gani?

Nati ni kile kipande chenye mifereji kinachoshika nyuzi karibu na kichwa cha gitaa. Fender za mtindo wa zamani zina upana wa mm 41.3 (inchi 1.625), za kisasa karibu mm 42, na Gibson hukaribia mm 43 (inchi 1.6875). Vidole vinene vinavyogusa uzi wa jirani kwenye kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ya A hufurahia mm 43.

Ila kabla ya kulaumu upana, pima umbali kati ya uzi wa sita (mnene kuliko yote) na wa kwanza (mwembamba kuliko yote) kwenye nati. Huwa karibu mm 35. Ukikuta ni mm 33 kwenye nati ya mm 42, tatizo ni mifereji ya pembeni iliyochongwa karibu mno na katikati, na nati mpya italimaliza bila kugusa shingo. Kinyume chake pia hutokea: tazama swali la uzi wa kwanza unaoteleza.

## Mkono wako na umbo la shingo

Mikono yangu ni midogo. Si lazima ninunue shingo nyembamba?

Si lazima, na ushauri huu ndio unaopotosha wanunuzi wengi kuliko wowote. Kufika mbali kwa vidole kunategemea mahali gumba linapokaa na pembe ya kifundo cha mkono. Shingo nyembamba sana huleta gumba karibu mno na vidole vingine, mkono unabana kama koleo, na msuli wa chini ya gumba unachoka. Mwenye mkono mdogo mara nyingi hupata nafuu zaidi kwa mabega yaliyochongwa, upana wa mm 41 hadi 42, na skeli (urefu wa uzi unaotetema) fupi, hata kama unene wenyewe ni wa wastani.

Vilevile wapo wenye mikono mikubwa wanaopiga Wizard siku nzima bila shida. Ukubwa wa mkono hauamui kitu peke yake.

Niko dukani. Nipime vipi kama shingo inanifaa?

Kaa na gitaa ukiwa umevaa mkanda, kwa urefu uleule unaopigia ukisimama. Shika kodi ya F kwa kulaza kidole cha shahada kwenye freti ya 1, uicharaze kwa dakika mbili bila kuachia. Halafu panda freti ya 12, vuta uzi wa tatu juu kwa toni nzima mara kumi. Mwisho, teleza kwa kasi kutoka freti ya 3 hadi ya 15 na kurudi. Jaribio la kwanza hupima unene na mabega, la pili mahali pa kutegemeza gumba, la tatu vanishi.

Usimalize uamuzi hapohapo kama umetoka kwenye shingo ya aina nyingine kabisa. Mkono uliozoea mm 19 utaikataa mm 23 siku ya kwanza hata kama ingeufaa. Kama muuzaji anakubali kurejeshewa, wiki mbili za kuipiga kila siku zinatosha kutofautisha ugeni na kero.

Napiga nikikunja gumba juu ya shingo. Nitafute umbo gani?

V laini, au C yenye mabega madogo. Ukingo wa V hukaa kwenye lile bonde kati ya gumba na kidole cha shahada, hivyo gumba linafika uzi wa sita bila kuzungusha kifundo. Shingo ya D yenye mabega yaliyojaa itakupigania.

Anayepiga kwa mtindo wa gumba nyuma, katikati ya mgongo, anataka kinyume chake: mgongo bapa wa D au C nyembamba, ambapo gumba lina uwanja wa kutulia. V kali humchoma. Wengi hubadilisha mikao hii katika wimbo mmoja, na ndiyo sababu C haijawahi kuondoka sokoni.

Gumba linauma baada ya nusu saa. Je, shingo ndiyo mbaya?

Huenda ikawa, lakini anza na shinikizo. Piga kodi ya kulaza kidole huku gumba umeliondoa kabisa mgongoni, ukivuta kwa uzito wa mkono tu, mwili wa gitaa ukiuzuia kwa mkono wa kulia. Ikitoa sauti safi, ulikuwa unabana kuliko inavyohitajika. Ikishindikana kwenye freti ya 1 na 2 lakini ikawezekana kwenye ya 5, mifereji ya nati iko juu mno, na hata ungebadilisha shingo mara tatu maumivu yangebaki. Tazama sehemu ya marekebisho.

Ganzi na kuwashwawashwa kwenye vidole ni jambo jingine. Mara nyingi hutokana na kifundo kilichokunjwa sana, hasa gitaa linaponing'inia chini mno. Pandisha mkanda hadi kifundo kinyooke, pumzika, na ganzi ikiendelea nenda kwa daktari.

Ni kweli shingo nene ina sauti nzuri zaidi?

Shingo nene ni ngumu zaidi kupinda, kwa hiyo huyumba kidogo hali ya hewa inapobadilika. Hilo lina faida halisi. Kwa sauti, tofauti yoyote itakayokuwapo humezwa na pikapu (vifaa vyenye sumaku vinavyonasa mtetemo wa nyuzi), nyuzi na amplifaya. Chagua kwa mkono.

## Ubao wa freti, freti na skeli

Nusukipenyo cha ubao wa freti kinaathiri nini?

Uso wa ubao umeviringwa kidogo kutoka uzi wa sita hadi wa kwanza. Nusukipenyo kikiwa kidogo, mviringo ni mkali. Fender za zamani zina mm 184 (inchi 7.25), za kisasa mm 241 (inchi 9.5), Gibson mm 305 (inchi 12), na Ibanez nyingi za RG hufika mm 400.

Mviringo mkali hupendeza kwa kodi za kulaza kidole, kwa kuwa kidole chenyewe hakijanyooka. Kasoro yake hujitokeza unapovuta uzi wa kwanza au wa pili juu ya freti ya 12. Uzi unaelekea katikati ya ubao, mahali penye kilele, na freti za mbele zinauzuia. Noti inakufa ghafla. Dawa ni kuinua nyuzi kidogo, au kusawazisha freti za juu. Kuna pia ubao wenye nusukipenyo kinachobadilika, mfano mm 305 karibu na nati na mm 406 mwisho wa shingo, kama Jackson nyingi. Huo hutoa mviringo kwenye kodi na ubapa kwenye solo.

Freti ndefu au fupi?

Freti za zamani zina kimo cha karibu mm 1.1 na upana wa mm 2. Freti kubwa ziitwazo jumbo zina kimo cha karibu mm 1.4 na upana wa mm 2.8. Kwenye freti ndefu kidole hakigusi mbao, hivyo kuvuta uzi ni rahisi. Lakini anayebana kwa nguvu atasikia kodi zake zimepanda sauti, kwa sababu anausukuma uzi chini kupita juu ya freti. Wenye mkono mzito waanze na freti za wastani.

Skeli fupi inapunguza kazi kwa kiasi gani?

Skeli ni urefu wa uzi unaotetema, kutoka nati hadi darajani, yaani kipande kinachoshika nyuzi kwenye mwili wa gitaa. Fender ni mm 648 (inchi 25.5), Gibson hutajwa kuwa mm 628 (inchi 24.75), na Fender Jaguar na Mustang ni mm 610 (inchi 24). Umbali kutoka freti ya 1 hadi ya 4 ni mm 97 kwenye skeli ya 648, mm 94 kwenye 628, na chini kidogo ya mm 92 kwenye 610. Kwa kidole cha mwisho kilichonyooshwa hadi kikomo, mm 3 si haba.

Mvutano wa nyuzi nao hushuka. Nyuzi zilezile, kwa sauti zilezile, huvuta pungufu ya asilimia 6 hivi kwenye 628 kuliko 648. Ndiyo sababu wengi huweka seti ya 10 hadi 46 (unene wa nyuzi kwa elfu za inchi) kwenye Gibson na 9 hadi 42 kwenye Fender na kuona zinakaribiana. Ukishusha gitaa zima nusu toni, mvutano hupungua kwa asilimia 11 hivi, na huo ni mtihani wa bure kabla ya kununua nyuzi laini.

## Marekebisho kabla ya kubadilisha gitaa

Nianze na marekebisho gani?

Fuata mpangilio huu, maana kila hatua hubadilisha inayofuata.

Kwanza upinde wa shingo. Tyuni nyuzi kwa sauti zake, funga kapo (kibanio cha nyuzi) freti ya 1, bonyeza uzi wa sita kwenye freti ya mwisho, kisha pima kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi) nafasi iliyo kati ya uzi na freti ya 8. Lenga mm 0.25, kwa ubao wa mm 184 weka mm 0.30, kwa ubao bapa sana mm 0.20. Ikizidi, kaza trasi rodi (fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo) kwa kuizungusha kufuata saa. Ikipungua, legeza. Robo mzunguko kwa mara moja, tyuni tena, pima tena. Alenki (ufunguo wa pembe sita wa kuizungushia) isiyokaa sawasawa italiviringa tundu, na hapo fundi atakuwa na kazi ya gharama. Ikigoma, iache.

Pili nati. Bonyeza uzi kati ya freti ya 2 na ya 3, uangalie juu ya freti ya 1. Panatakiwa nafasi nyembamba kama karatasi, karibu mm 0.1. Ikiwa mm 0.5, hapo ndipo nguvu zako zinapopotelea. Mifereji huchongwa kwa tupa maalumu za unene wa kila uzi, na ukizidisha nati imekwisha. Wasio na tupa hizo wampe fundi.

Tatu kimo cha nyuzi kwenye daraja. Kwenye freti ya 17, mm 1.6 ni mwanzo mzuri kwa ubao wa mm 241 hadi 305. Kwa mm 184 weka uzi wa sita mm 2.0 na wa kwanza mm 1.6.

Ni jambo la kawaida gitaa "lenye shingo mbaya" kupona hapa.

Shingo inanata mkononi ninapoteleza.

Kwanza ifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu. Mara nyingi ni jasho na mafuta ya ngozi. Kama ni vanishi yenye kung'aa ndiyo inayoshika, sugua mgongo kwa sifongo ya kijivu ya kusugulia, au pamba ya chuma ya namba 0000, kwa mwelekeo wa urefu wa shingo, hadi mng'ao ufifie. Ukitumia pamba ya chuma, funika pikapu kwa tepu: sumaku zake hunasa vumbi la chuma na kuliondoa ni adhabu. Usifike kwenye mbao.

Mng'ao utarudi baada ya miezi ya kupiga, kwa kuwa mkono wenyewe hung'arisha. Rudia tu. Kuondoa vanishi yote kwenye shingo ya mbao ya mepo kunawezekana, lakini lazima ipakwe mafuta ya kukauka, la sivyo itanyonya jasho, iwe nyeusi na ianze kupinda.

Ncha za freti zinachoma kiganja.

Mbao imekauka na kusinyaa, chuma kikabaki na urefu wake. Weka gitaa mahali penye unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55 kwa wiki chache kabla ya kupiga tupa, kwa sababu huenda ncha zikarudi zenyewe. Zikibaki, zipunguze kwa tupa laini na kuziviringa pembe.

Uzi wa kwanza unateleza nje ya shingo.

Kama shingo imefungwa kwa skrubu, angalia kama imekaa upande. Legeza nyuzi kidogo, legeza skrubu nusu mzunguko, sogeza shingo hadi uzi wa kwanza upate nafasi ukingoni, kaza. Isiposaidia, mfereji wa nati uko karibu mno na ukingo; unapaswa kuwa ndani kwa takriban mm 3.

Naweza kuichonga shingo yangu iwe nyembamba?

Mabega, ndiyo, kwa uangalifu. Kuondoa mm 0.5 kila upande hubadilisha hisia ya shingo kuliko watu wanavyotarajia. Katikati ya mgongo kuna trasi rodi, na mbao iliyobaki chini yake ni chache. Kwenye shingo ya mm 19 au 20 usiguse. Chora umbo kwa waya kwanza, tumia kikwaruzio, malizia kwa msasa wa 220, 320 na 400, kisha paka vanishi au mafuta. Thamani ya gitaa la zamani hupotea siku hiyohiyo.

Si rahisi zaidi kununua shingo nyingine?

Kwa gitaa la skrubu ni rahisi. Shingo nyingi za mtindo wa Fender zina kisigino (ncha inayoingia kwenye mwili wa gitaa) cha upana wa mm 56 hivi, lakini pima mfuko wa gitaa lako, yaani mahali kinapokaa kisigino, usiamini maelezo. Hakikisha skeli ni ileile, maana daraja halihami. Matundu ya skrubu huenda yasilingane; yaliyopo yazibwe kwa kijiti cha mbao ngumu na gundi kabla ya kutoboa mapya. Kwa shingo iliyogundishwa, sahau.

## Hali za pekee

Shingo yangu ya zamani ya Fender imegongwa herufi C kwenye kisigino, lakini haifanani na C.

Ni kweli. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1960 Fender waligonga herufi kuonyesha upana wa nati: A ni mm 38, B mm 41, C mm 44 na D mm 48. Haihusiani na umbo la mgongo, na wauzaji huichanganya kila leo. B ndiyo utakayoikuta zaidi.

Vipi kuhusu shingo zisizo na ulinganifu?

Bega moja huchongwa zaidi ya jingine, kwa kawaida lile la upande wa nyuzi nyembamba, kufuata jinsi kiganja kinavyojikunja. Strandberg wamekwenda mbali zaidi: EndurNeck yao ina nyuso bapa badala ya mviringo, zinazohama kutoka upande mmoja kwenda mwingine kadiri unavyopanda shingo. Inaelekeza gumba mahali pake. Anayekunja gumba juu hataipenda. Na kama unapiga kwa mkono wa kushoto, hakikisha shingo imechongwa kwa ajili yako. Iliyogeuzwa tu itaweka bega nene mahali pasipofaa.

Gitaa la nyuzi saba halina budi kuwa na shingo kama ubao?

Nati yake ni karibu mm 48, hivyo mkono unasafiri zaidi. Wengi huiona shingo bapa yenye mm 19 hadi 20 kuwa nafuu hapa, hata wale wanaochukia wembamba kwenye nyuzi sita. Gumba libaki nyuma. Mazoea ya kulikunja hayahami nawe.

Nanunua bila kulishika. Nimwulize nini muuzaji?

Unene kwenye freti ya 1 na ya 12 bila kuhesabu freti, upana wa nati, nusukipenyo, na skeli. Omba picha ya mgongo wa shingo ikiwa imepigwa kutoka upande wa kichwa, mwanga ukitokea ubavuni, ili mabega yaonekane. Muulize pia kama trasi rodi bado inazunguka pande zote mbili. Akijibu "ni shingo ya kawaida tu", omba vipimo tena. Asipovitoa, linganisha na mchoro wako wa waya siku ya kupokea mzigo, kabla muda wa kurejesha haujaisha.